Nyumba Ikiwa Biro, Pumziko ni la Nani?

Wapendwa ndugu na dada katika Bwana wetu Yesu Kristo, amani ya Mungu iwe katika nyumba zenu.

Tunasema "katika nyumba zenu" kwa kusudi. Mara nyingi tunaombea safari, shamba, soko, masomo na wagonjwa. Nyumba yenyewe tunaisahau, kwa sababu tunafikiri ni mahali ambapo mtu anarudi wakati mambo ya kazi yamekwisha. Lakini wakati wa ugonjwa wa Korona, kwa watu wengi wa mji wetu mambo hayo hayakwishia nje. Kazi iliingia mlangoni, ikakaa kwenye meza ya kulia, na katika jamaa nyingine haijatoka hata leo.

Ndiyo maana tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya ulizo moja. Ikiwa nyumba imekuwa mahali pa kazi, pumziko la nyumba hiyo ni la nani? Ni la yule tu anayeleta feza? Au kila mtu anayekaa ndani yake ana haki ya kupumzika? Si ulizo la wasomi peke yao. Kuna ndoa zilizoharibika juu yake, kuna watoto walioanza kumwogopa baba yao, na kuna watu wenye imani waliopoteza usingizi na furaha bila kujua sababu.

1. Mambo yaliyotupata

Tukumbuke kwanza mambo kwa utaratibu. Tarehe 10 Machi 2020 Leta ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika inchi yetu, kule Kinshasa. Kesho yake, tarehe 11, Shirika la Afya Ulimwenguni likasema kwamba ugonjwa huu umekuwa wa dunia nzima. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alifunga shule na makanisa, akakataza mikutano ya watu kupita 20. Tarehe 24 Machi akatangaza hali ya dharura. Wenzetu wa Rwanda walikuwa wamefunga mipaka yao tangu tarehe 21, na mama wachuuzi waliozoea kuvuka Ruzizi kwa miguu kila asubuhi wakazuiwa. Hali ya dharura iliisha mwezi wa Julai, na makanisa yakafunguliwa tarehe 15 Agosti 2020. Lakini tarehe 18 Desemba mwaka ule ule shule zilifungwa tena, mpaka 22 Februari 2021, na watu wakakatazwa kutembea usiku kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja ya asubuhi.

Amri hizo zilikuwa na maana, kwa sababu ugonjwa ulikuwa unaenea kwa pumzi na kwa kukaa karibu karibu. Hatuandiki hapa kwa kuzilalamikia. Tunataka kuangalia tu namna zilivyoingia katika nyumba zetu.

Bukavu ni mji wa milima. Katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira nyumba nyingi zimepangana kwenye miteremko, moja juu ya ingine, na jamaa kubwa inaweza kukaa katika vyumba viwili au vitatu. Mwalimu, karani, mhasibu, mtu wa shirika, wale walioambiwa wafanyie kazi nyumbani, wengi hawakuwa na chumba cha kazi. Walikuwa na meza moja, ile ambayo mama anachambulia mchele na watoto wanaandikia masomo. Wakati ule ule watoto walishinda nyumbani kutwa nzima. Radio Okapi ilitangaza masomo kwa ajili yao, na hivyo radio nayo ikahitaji mahali pake na ukimya wake.

Tena kuna umeme. Kila mkaaji wa Bukavu anajua kwamba umeme wa SNEL haufuati saa za biro. Ukirudi saa sita ya usiku, mwenye ordinateri anaamka kumaliza ripoti, na mama anaamka kupiga pasi. Usiku ukawa mchana, na mchana wenyewe haukuwa wa kulala. Baba alikuwa anasema, "Nyamazeni, niko kazini." Watoto walikuwa wanamwangalia bila kuelewa, kwa maana walimwona yuko nyumbani.

Na tusifikiri kwamba mambo haya ni ya zamani. Mwaka 2023 ugonjwa wa mpox ulianza kuenea Kamituga, katika jimbo letu hili hili, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ni hatari kwa dunia. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025. Mwezi wa Februari 2025 vita viliingia Bukavu, banki zikafunga milango, na watu wengi waliozoea kuondoka asubuhi wakajikuta tena ndani ya nyumba. Sababu zinabadilika, lakini ulizo linabaki lile lile.

2. Kazi ya nyumbani si jambo jipya

Wako wanaosema kwamba Korona ndiyo iliyoleta kazi nyumbani. Hiyo si kweli. Fundi wa nguo mwenye cherehani barazani anafanyia kazi nyumbani. Mama anayeamka saa tisa ya usiku kukanda unga wa mikate ya kuuza anafanyia kazi nyumbani. Msusi, mtengenezaji wa radio, mwenye kusuka vikapu, wote ni hivyo. Shirika la Kazi Ulimwenguni lilihesabu kwamba mwaka 2019, kabla ya Korona, watu karibu milioni 260 katika dunia walikuwa wanapata maisha yao kwa kazi wanayoifanyia nyumbani. Tangu mwaka 1996 shirika hilo lilikwisha kuweka mapatano ya pekee, namba 177, kwa kulinda watu wa namna hiyo.

Hata katika Maandiko tunaona jambo hilo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, mtume Paulo alipofika Korinto aliingia katika nyumba ya Akila na Prisila, akakaa nao na kufanya kazi pamoja nao, kwa sababu wote walikuwa washona hema. Nyumba ile ilikuwa mahali pa kazi, na jamaa ile ile ndiyo iliyolisaidia Kanisa la kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kazi ikiingia nyumbani inaleta laana.

Basi ni kitu gani kilichokuwa kipya? Fundi wa cherehani, jua likizama, anafunika mashini yake. Kazi yake inaonekana: suruali imekwisha au haijakwisha. Kazi ya biro haionekani hivyo. Ikiwa imefungwa ndani ya simu, inaweza kulia saa nne ya usiku, inaweza kulia Siku ya Mungu asubuhi wakati jamaa inavaa nguo za kwenda kusali. Biro ilikuwa na mlango na ilikuwa na saa. Tena kulikuwa na njia ya kurudi. Mtu aliyetoka Nyawera kwenda Panzi, kwa miguu au nyuma ya motari, alikuwa na nafasi ya kuacha hasira ya mkubwa wake njiani kabla ya kusalimia watoto. Wakati wa Korona njia ile iliondolewa. Mtu alikuwa anatoka katika hasira ya kazi na kuingia katika mazungumzo ya chakula kwa kugeuza kichwa tu.

Kitu kilichopotea, basi, ni mpaka kati ya kazi na maisha ya nyumba. Pasipo mpaka, kazi haibaki mahali pake.

3. Kazi inaweza kuwa mahali pa kujificha

Tuseme ukweli wote. Kulikuwa na faida. Wako baba waliojua kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wao wa pili anaogopa hesabu. Wako waliookoa feza ya usafiri. Wako waliofanya sala ya jamaa kila asubuhi, jambo ambalo halikuwezekana wakati kila mtu alipokimbia saa kumi na mbili. Kwa faida hizo tunamshukuru Mungu.

Lakini tuliona pia mambo mengine. Tarehe 5 Aprili 2020, siku ya Matawi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba dunia yote ilete amani ndani ya nyumba, kwa sababu katika inchi nyingi mapigo juu ya wanawake yalikuwa yameongezeka sana wakati watu walipofungiwa. Mwezi wa Februari 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi Ulimwenguni walitoa mashauri juu ya kazi ya nyumbani. Walisema kwamba ikipangwa vizuri inasaidia afya, lakini isipopangwa inaleta upweke, kuchoka kupita kiasi, uzito wa moyo, maumivu ya mgongo na macho, hata ugomvi wa nyumbani. Hivi ndivyo watu wetu walivyokuwa wanaeleza kwa maneno yao: "Kichwa kinajaa," "Sina usingizi," "Niko nao lakini siko nao."

Neno hili la mwisho tulifikiri sana. Namna gani mtu anaweza kuwa na watu wake na wakati ule ule asiwe nao? Tunafikiri ni kwa sababu kazi, hata iliyo nzuri, inaweza kuwa mahali pa kujificha. Mtu anayesema "niko kazini" haulizwi kitu tena. Hataombwa kubeba mtoto anayelia, hataombwa kumjibu mke wake juu ya deni.

Historia ya Kanisa letu inatufundisha jambo juu ya hilo. Mwaka 1918, wakati homa kubwa ilipokuwa inaua watu katika dunia nzima na hata katika Kongo ya Chini, Bwana alimwita Papa Simon Kimbangu kwa kazi yake. Yeye alijiona hafai. Mwishowe aliondoka Nkamba akaenda Kinshasa kutafuta kazi ya mshahara. Sauti ikamfuata mpaka kule. Ndipo aliporudi nyumbani kwao, na tarehe 6 Aprili 1921 akaweka mikono juu ya mama Kiantondo aliyekuwa mgonjwa, naye akapona. Hatukumbushi jambo hili kwa kumhukumu Mtumishi wa Mungu. Manabii wengi, tangu Musa mpaka Yeremia, walijiona hawawezi. Tunalikumbusha kwa sababu lina mafundisho kwetu. Wakati wa ugonjwa mkubwa mtu anaweza kukimbilia mshahara ili asisikie mwito. Na kazi ambayo Mungu alikuwa amemwekea ilimngojea kule alikotoka, kwa mgonjwa wa karibu.

Sasa kila mmoja wetu aliye na kazi ndani ya nyumba ajiulize: ni sauti gani ninayoizima kwa kusema niko kazini?

4. Kazi isiyohesabiwa

Tunaposema kwamba kazi "iliingia" nyumbani, mama zetu wanaweza kutucheka. Kwao kazi haikuingia; ilikuwa pale siku zote. Maji yalikuwa yanachotwa kwa bidoni wakati bomba la REGIDESO limekauka. Makala yalikuwa yanawashwa, bugali lilikuwa linasongwa, nguo zilikuwa zinafuliwa, mgonjwa alikuwa anageuzwa kitandani. Wakati wa Korona kazi hiyo iliongezeka: watu wote walikula nyumbani mchana, mikono ilinawishwa mara nyingi na maji yakabebwa mara nyingi, watoto walisomeshwa, na baba wa biro alihitaji chai na ukimya. Mama akawa mpishi, mwalimu, munganga na mlinzi wa mlango. Na usiku, alipoketi, aliulizwa, "Wewe umechokea nini? Umeshinda nyumbani."

Wazee husema mzigo wa mwenzako ni kanda la sufi: unaonekana mwepesi kama pamba, kwa sababu si wewe unayeubeba. Mahali pa kazi palipokuwa pamoja, baba angeweza kuuona mzigo wa mama kwa macho yake. Wako waliouona, wakabadilika. Wengine waliuangalia kila siku kwa miezi minne bila kuuona.

Sisi Wakimbangu tuna sababu ya pekee ya kuuona. Baba yetu alikamatwa mwezi wa Septemba 1921, akahukumiwa tarehe 3 Oktoba, akafungwa Elisabethville, inayoitwa leo Lubumbashi, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Katika miaka hiyo ni nani aliyelichunga kundi? Ni Mama Marie Muilu, katika nyumba yake ya Nkamba. Alilima shamba, alilea watoto watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, na kwa siri alikusanya na kutia nguvu waamini, wakati Wabelgiji walipokuwa wanawapeleka wenzao uhamishoni mbali na kwao. Kama mtu angepita mbele ya nyumba ile angesema, "Pale kuna mwanamke mkulima na watoto wake tu." Kumbe Kanisa lilikuwa pale. Alilala mwaka 1959 tarehe 27 Aprili, na tarehe 24 Desemba ya mwaka ule ule Kanisa lilikubaliwa na serikali.

Watu ambao Kanisa lao lilihifadhiwa kwa kazi ya mama nyumbani hawawezi kusema kwamba kazi ya nyumbani ya mama si kazi.

5. Amri inasema nini

Tufungue sasa Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, pale Mungu anapotoa amri ya siku ya pumziko. Angalieni watu wanaotajwa. Anatajwa "wewe," mwana wako, binti yako, mtumishi mwanaume, mtumishi mwanamke, wanyama wako, hata mgeni aliye ndani ya milango yako. Amri hii haikutolewa kwa mtu mmoja. Inaingia mlangoni na kuhesabu vichwa vya nyumba nzima.

Lakini msomaji mwangalifu atauliza: mbona mke hakutajwa? Mwana yupo, binti yupo, hata wanyama wapo. Je, Mungu alimsahau mama wa nyumba? Au ni kusema kwamba yeye peke yake afanye kazi wakati wengine wanapumzika, kwa maana lazima mtu apike?

Sisi tunajibu hivi. Mke hakutajwa kwa sababu yuko ndani ya neno "wewe." Mwanzo, sura ya 2, ilikwisha kusema kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Mungu anaposema na mwenye nyumba, anasema na wote wawili pamoja. Basi mume anayepumzika wakati mke wake anataabika hajapumzika kwa kadiri ya amri. Nusu ya mwili wake bado iko kazini. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaongeza sababu: mtumishi apumzike kama wewe, na kumbuka kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa katika Misri. Maana yake, anayejua uchungu wa kufanya kazi bila mwisho asimpe mwengine uchungu ule.

Hapo ndipo tunapoona jibu la ulizo letu. Pumziko si mshahara wa yule aliyeleta feza. Kama lingekuwa mshahara, ng'ombe na mgeni hawangetajwa. Pumziko ni haki ambayo Mungu amempa kila mtu wa nyumba, na mwenye nyumba amewekwa kuwa mlinzi wake.

6. Lakini maskini atapumzika namna gani?

Wako ndugu watakaotuambia: "Maneno hayo ni ya watu wa biro. Sisi tunakula leo kwa kazi ya leo. Mbeba mizigo wa soko la Kadutu, motari, mama wa sambaza, hakuna aliyeambiwa afanyie kazi nyumbani. Tulipoambiwa tukae, tulikaa na njaa."

Ni neno la haki, na hatutalijibu kwa urahisi. Kukaa nyumbani na mshahara na kukaa nyumbani bila chakula si jambo moja, hata kama amri ya Leta iliyaita kwa jina moja. Tena, yule aliyekaa na ordinateri yake aliweza kukaa kwa sababu mwengine hakukaa: kuna mtu aliyepandisha makala mlimani, kuna mtu aliyeleta maji, kuna munganga na mama muuguzi walioenda hospitalini kila siku. Pumziko la mmoja lilibebwa na mabega ya mwengine.

Tunakumbuka habari ya mana, katika Kutoka, sura ya 16. Mungu hakuwaambia watu tu, "Pumzikeni siku ya saba." Siku ya sita aliwapa chakula cha siku mbili. Alijua kwamba kumwagiza mwenye njaa apumzike bila kumpa chakula ni kumdhihaki. Kwa hiyo pumziko la maskini linategemea pia mikono ya wale walio na kitu. Mwenye kuajiri akilipa kwa saa yake, anampa mtumishi wake Siku ya Mungu. Akichelewesha malipo, anamnyang'anya siku hiyo, hata kama anakaa mbele Kanisani. Mnunuzi asiyebishana mpaka kumaliza faida yote ya mama mchuuzi anampa saa moja ya kukaa na watoto wake. Na parokia inayokusanya sadaka kwa jamaa isiyo na chakula inafanya kazi ya siku ya sita.

7. Utaratibu wa maneno matatu

Kanisa letu lina maneno matatu tunayofundishwa tangu utoto: Bolingo, Mibeko, Misala. Kwa Kiswahili ni Upendo, Amri, Kazi. Tunayasema mara nyingi hata tunasahau kwamba yana utaratibu. Kazi ni ya tatu. Haikudharauliwa, kwa kuwa bila kazi upendo ungekuwa maneno ya kinywa tu. Lakini imewekwa nyuma ya Upendo na nyuma ya Amri, kusudi Upendo useme ni kwa ajili ya nani, na Amri iseme mpaka wapi.

Wakati kazi ilipoingia nyumbani, katika jamaa nyingi utaratibu huu uligeuka. Kazi ikawa ya kwanza. Amri ikawa ile ya mkubwa wa kazi, inayokuja kwa simu saa yoyote. Upendo ukapewa dakika zilizobaki, na mara nyingi hazikubaki. Tunaona kwamba ugonjwa mwingi wa roho uliopata watu wetu ulipitia mlango huu.

Basi tunawashauri mambo machache ambayo kila jamaa inaweza kuyajaribu, hata ile ya chumba kimoja.

Kwanza, kazi iwe na saa ya kufungwa. Hata kama hakuna mlango, funika ordinateri kwa kitambaa, weka simu mahali pamoja, sema mbele ya watoto, "Kazi imekwisha." Mkitaka, tembeeni kidogo mpaka njia kubwa na kurudi, kama mtu anayetoka biro.

Pili, umeme ukirudi usiku, msikubali uwaamshe wote kila siku. Chagueni usiku wa kazi na usiku wa kulala.

Tatu, jamaa ikae na kuhesabu kazi zote za nyumba kwa sauti: maji, makala, chakula, nguo, mtoto, mgonjwa. Kisha mgawe upya. Kijana mwanaume kubeba bidoni au kuosha sahani hakumwondolei heshima. Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu.

Nne, mama awe na saa yake ambayo hakuna anayemwita. Vilevile binti mtumishi wa nyumba, aliyetoka kijijini na ambaye hana mtu wa kumsemea, apewe siku yake. Yeye ndiye yule mtumishi mwanamke aliyetajwa katika amri.

Tano, Siku ya Mungu tusitumiane habari za kazi. Mkubwa wa kazi ambaye ni mkristo aanze yeye.

Sita, mtu ambaye moyo wake umekuwa mzito wiki kwa wiki, asiyelala, asiyeona ladha ya kitu, asifichwe na asiambiwe kwamba amekosa imani. Aombewe, na aende pia kwa munganga. Maombi na munganga havipigani.

Wapendwa, hatujui ni ugonjwa gani au taabu gani itatufungia tena ndani ya nyumba zetu. Lakini siku hiyo ikifika, itatukuta na desturi tulizozizoea sasa. Jamaa iliyojifunza kugawana mzigo itakaa pamoja hata katika chumba kimoja. Jamaa ambayo mmoja anapumzika juu ya mgongo wa mwengine itaona nyumba kuwa ndogo, hata kama ina vyumba kumi.

Ee Bwana, wewe uliyefanya kazi siku sita ukapumzika siku ya saba, utufundishe kufanya kazi na utufundishe kuacha. Uwakumbuke wale ambao hakuna anayeona kazi yao. Uwape chakula wale wasioweza kukaa. Uingie katika nyumba za Ibanda, za Kadutu na za Bagira, na kila mtu aliye ndani yake apate nafasi ya kuketi. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.